Je, Seli Itufundishe Nani wa Kuachwa?

Muhula uliopita mwalimu wetu wa tafsiri alimtaka kila mmoja wetu achague makala fupi ya sayansi iliyoandikwa kwa Kifaransa, kisha aihamishie katika Kiswahili ambacho mtu wa mtaani angekielewa bila kuuliza. Wenzangu walichagua malaria, kahawa, na kufurika kwa Ziwa Tanganyika. Mimi nilichagua makala kuhusu jinsi seli inavyoziondoa mitokondria zilizoharibika. Sikuwa na mapenzi yoyote na biolojia. Sababu yangu ilikuwa moja: katika aya ya mwisho lilikuwamo jina la ugonjwa wa babu yangu.

Babu alikuwa fundi wa magari hapa Buyenzi, Bujumbura, kwa zaidi ya miaka 30. Kwanza skrubu zilianza kumponyoka. Kisha mkono wake wa kulia ukawa unatetemeka akiwa amekaa tu, na ukitulia akishika kitu, jambo lililotushangaza sote. Hatua zake zikawa fupi. Mwandiko wake katika daftari la wateja ukazidi kuwa mdogo, kama wa mtu anayebania karatasi. Majirani wakaanza kunong'ona kwamba mzee anakunywa, yeye ambaye pombe haijawahi kupita kinywani mwake. Ilichukua miaka 2 kabla daktari mmoja hajatutajia ugonjwa wa Parkinson, ambao daktari wa London, James Parkinson, aliuandikia kitabu kidogo mwaka 1817. Baadaye nilisoma kwamba watafiti waliopita nyumba kwa nyumba katika wilaya ya Hai, mkoani Kilimanjaro, walikuta kuwa wengi wa wagonjwa wa Parkinson waliowapata hawakuwa wamewahi kuambiwa wanaumwa nini. Basi miaka yetu 2 haikuwa ajabu.

Dawa yake inaitwa levodopa. Ikifika kwenye ubongo hugeuka kuwa dopamini, kemikali ambayo ubongo wake hauitengenezi tena ya kutosha. Haizuii seli kufa. Lakini akiimeza, baada ya muda si mrefu anaweza kufunga vifungo vya kanzu yake mwenyewe. Asipoimeza, hawezi. Na vidonge hivyo hununuliwa kila mwezi, si mara moja.

Kikao cha familia kilifanyika Jumamosi usiku, baada ya swala ya isha. Biashara ya baba mdogo kati ya Bujumbura na Uvira ilikuwa imelala, na yeye ndiye alikuwa analipa sehemu kubwa ya kila kitu: dawa za Babu, karo ya wadogo zangu wawili, na matumizi yangu ya chuo. Kabla ya mazungumzo hayo, shangazi alinitaka nisome ile tafsiri yangu niliyokuwa nikiisifia wiki nzima. Nikasoma kwa sauti. Nilifika kwenye sentensi hii, ambayo niliipenda sana nilipoiandika: "Ili iendelee kuishi, seli hutupa kile kilichoharibika."

Baba mdogo aliitikia kwa kichwa. "Mmemsikia mtoto?" akasema. "Hata mwili unajua. Kilichoharibika kinatolewa ili kilichobaki kiishi. Mungu mwenyewe ndivyo alivyopanga." Halafu akaendelea na hesabu zake, kwamba labda dawa zipunguzwe, labda zisimamishwe kwa muda, watoto wamalize mwaka.

Babu alikuwa amekaa pale pale kwenye mkeka. Ugonjwa huu hukaza misuli ya uso, na uso wa mtu ukabaki bila dalili ya furaha wala huzuni. Hakuna aliyeweza kujua amesikia nini. Nadhani wengine waliona ni rahisi zaidi kuamini kwamba hakusikia.

Tangu usiku ule nimekuwa nikijiuliza kama baba mdogo alikosea, na kama alikosea, alikosea wapi hasa. Nisiharakishe kumfanya mtu mbaya. Ndiye aliyemfikisha Babu kwa daktari. Na hoja yake si ngeni. Mwanahistoria wa Kirumi, Livius, anasimulia jinsi Menenius Agrippa alivyowatuliza watu wa chini waliogoma kwa hadithi ya viungo vilivyolisusia tumbo: viungo vyote vikadhoofika, kwa hiyo rudini kazini. Toka zamani, mtu akitaka kumwambia mwenzake akubali hasara, humwonyesha mwili.

Jibu la kwanza lililonijia lilikuwa la shukrani. Babu alifanya kazi, aliwasomesha wanawe, baba mdogo akiwa mmoja wao. Sasa ni zamu yake kupumzika. Hili ni jibu zuri, na lina watu wakubwa nyuma yake. Katika maandishi yake ya mwaka 1962 kuhusu ujamaa, Mwalimu Nyerere anamtetea mzee wa jadi aliyeonekana kama anakula bila kufanya kazi, akieleza kwamba mzee huyo alikwisha kufanya kazi kwa bidii ujanani mwake. Lakini kadiri nilivyolifikiria jibu hili ndivyo lilivyozidi kunitia wasiwasi. Linamwokoa Babu kwa kumtolea risiti. Mtaa wa pili yuko kijana wa rika langu aliyezaliwa na ulemavu mkubwa. Hajawahi kufanya kazi hata siku moja na hatafanya. Yeye atatoa risiti gani? Ikiwa Babu anastahili vidonge kwa sababu ya injini alizofungua, basi nimekubaliana na baba mdogo juu ya jambo la msingi, tunabishana hesabu tu.

Nikarudi kwenye makala. Nilitaka kujua kama seli kweli inasema kile nilichoisemesha.

Mitokondria ni vile vijimwili vidogo ndani ya seli vinavyotengeneza sehemu kubwa ya nishati yake. Zina hata vinasaba vyake zenyewe, jeni 37, tunavyovirithi kwa mama. Zikifanya kazi, hubaki na chaji ya umeme kati ya pande mbili za utando wao wa ndani, kama betri. Seli hutengeneza protini iitwayo PINK1, na katika mitokondria nzima chaji hiyo huivuta PINK1 hadi ndani, ikakatwa, ikaharibiwa, isionekane tena. Mitokondria ikiharibika, chaji hushuka na PINK1 haivutwi tena. Hujikusanya kwenye utando wa nje. Hapo huiamsha protini nyingine, Parkin, nayo hubandika juu ya mitokondria hiyo vijialama vya protini ndogo iitwayo ubikwitini. Vijialama hivyo huita mfuko wa utando unaoizingira mitokondria nzima na kuipeleka kwenye lisosomu, ambako humeng'enywa.

Parkin iligunduliwa Japani mwaka 1998, katika familia ambazo watu wake walianza kutetemeka wakiwa bado vijana kwa sababu jeni hiyo ilikuwa na kasoro. Kasoro za PINK1 zikahusishwa na ugonjwa huo huo mwaka 2004. Mwaka 2008 kundi la Richard Youle huko Marekani likaonyesha kwamba Parkin huiendea mitokondria iliyoharibika, na hapo vipande vikaanza kuungana. Wagonjwa wengi wa Parkinson hawana kasoro hizo za kurithi, na kwa umri alioanza kuugua sidhani Babu anazo. Lakini mitokondria zimo katika habari hii kwa njia nyingine pia. Mwaka 1982 huko California vijana kadhaa walijidunga dawa ya kulevya iliyochanganyika na sumu, na ghafla wakakakamaa kama wazee wenye Parkinson. Sumu hiyo, ilipogeuzwa na mwili, ilikuwa inazuia mitokondria kutengeneza nishati. Seli za dopamini zina matawi marefu mno, zinahitaji nishati nyingi, na seli ya neva haigawanyiki ili uchafu ugawanyike nayo. Uchafu ukibaki, unabaki kwake.

Sasa nirudi kwenye kitenzi changu. Neno la Kifaransa lililokuwa mbele yangu lilimaanisha kuondoa. Mimi nikaandika "kutupa" kwa sababu lilikuwa fupi na lilisikika kwa nguvu. Ni kosa la tafsiri, na si dogo. Mitokondria haitupwi popote. Jina lenyewe la kazi hii, otofagia, ambalo Mbelgiji Christian de Duve alilitunga mwaka 1963 kutoka Kigiriki, maana yake ni kujila. Seli inakula sehemu yake yenyewe, inaivunja hadi kwenye vijenzi vyake, na vijenzi hivyo vinatumika kujenga vitu vipya. Mjapani Yoshinori Ohsumi, aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 2016, alizipata jeni za kazi hii kwa kuitazama hamira iliyonyimwa chakula: inapokosa cha nje, inaishi kwa kula vya ndani. Hakuna jalala katika hadithi hii.

Tena kumeng'enywa si hatua ya kwanza. Mitokondria yenye kasoro ndogo huweza kuungana na nyingine iliyo nzima na kuchangia ilivyonavyo. Protini zilizokunjika vibaya hukunjuliwa au hukatwa mojamoja. Wakati mwingine hutolewa kipande kidogo chenye hitilafu, nyingine yote ikabaki. Nilipomweleza Babu haya, siku nyingine tukiwa wawili tu, alisema kwa ile sauti yake ya chini ambayo ugonjwa umeipunguza: "Fundi akikimbilia kubadilisha spea kabla hajafungua na kusafisha, ujue huyo anauza spea." Nilicheka. Yeye uso haukucheka, lakini mabega yalitikisika.

Kwa hiyo ningeweza kusimama mbele ya familia na kusema: baba mdogo, seli yenyewe inakukana. Inakarabati kwanza, inachangiana, haitupi. Nilijiandaa kusema hivyo. Ningeshinda, na ningekuwa nimefanya kosa lile lile kwa upande wa pili.

Kwa maana seli ina mambo mengine ambayo nisingependa kuyafuata. Chembe nyekundu ya damu inapokomaa huondoa mitokondria zake zote, nzima na mbovu pamoja. Yai linaporutubishwa, mitokondria zilizokuja na mbegu ya baba huondolewa, ndiyo maana tunabaki na za mama. Tukiufuata mfano huo nyumbani, ukoo wa baba ndio wa kwanza kutolewa nje, na baba mdogo yumo. Na ipo mikia ya seli za neva katika mshipa wa jicho, iliyochunguzwa kwa panya, ambayo huzisukuma mitokondria zake chakavu hadi kwenye seli jirani ili jirani ndiye azimeng'enye. Je, hilo nalo ni funzo? Ukiitafuta seli ya kukuunga mkono utaipata. Mwanafalsafa wa Uskoti David Hume alilisema jambo hili kati ya mwaka 1739 na 1740, bila kujua lolote kuhusu mitokondria: waandishi huanza kwa kueleza mambo yalivyo, halafu bila kutangaza wanajikuta wanaeleza yanavyopaswa kuwa. Pengo hilo linahitaji kuelezwa. Mimi katika tafsiri yangu nililiziba kwa kitenzi kimoja.

Mhadhiri mmoja niliyemwonyesha rasimu ya insha hii alinipinga hapa, na pingamizi lake ni zito. Alisema kwamba hatuwezi kabisa kuacha kujifunza kwa maumbile. Methali zetu zimejaa chungu, nyuki, mikono miwili inayooshana. Tukizifuta hizo, tutafikiria kwa nini? Nakubali. Lakini mtu anayenitajia nyuki hunihimiza nifanye bidii ambayo tayari najua kwamba ni njema. Nyuki anaipa sura tu. Baba mdogo hakuwa anaipa sura hukumu tuliyokubaliana. Alikuwa anaileta hukumu mpya, na mfano ndio uliokuwa ushahidi wake pekee.

Kuna tofauti nyingine, nayo kwangu ndiyo kubwa. Mitokondria ni sehemu, na seli, au tuseme mtu mwenyewe, ndiye mzima ambaye sehemu ipo kwa ajili yake. Hakuna mitokondria inayopata hasara ikiondolewa, kwa sababu hakuna "yeye" mle ndani wa kupata hasara. Familia tunaiita mwili mmoja, na ni msemo mzuri siku ya harusi na siku ya msiba. Lakini familia haina mahali pa kuumia isipokuwa ndani ya mtu mmoja mmoja. Ukimwondolea Babu dawa "ili familia iishi", hakuna kitu kiitwacho familia kitakachokaa mahali kikipata nafuu. Watakaopata nafuu ni watu wenye majina. Mmoja wao ni mimi.

Hili nilichelewa kulisema, na ningeweza kulificha kabisa. Fedha ambazo zingeokolewa kwenye vidonge zingekuja sehemu kubwa kwangu: chumba ninachopanga karibu na chuo, nauli, karatasi za kuchapishia kazi hizi hizi za tafsiri. Usiku ule, baba mdogo alipokuwa akipiga hesabu, sikusema kitu. Nimejiambia mara nyingi kwamba nilinyamaza kwa heshima, kwa sababu kijana hakatizi maneno ya baba yake mdogo mbele ya wazee. Ni kweli kwamba hakatizi. Ni kweli pia kwamba nilikuwa nimeshaanza kuhesabu.

Ndiyo maana sasa naona kwamba kosa la mfano wa seli haliko tu katika biolojia mbaya wala katika pengo la Hume. Liko katika kazi uliyotufanyia pale mkekani. Ndani ya seli hakuna anayeamua. PINK1 haihukumu, inabaki nje kwa sababu umeme umeshuka, basi. Nasi tulipoukaribisha mfano huo sebuleni tulijipatia raha hiyo hiyo: uamuzi usiokuwa na mwamuzi. Baba mdogo hakulazimika kusema "mimi nimechoka kulipa," maneno ambayo ni ya kweli na hayana aibu, na ambayo yangeweza kujibiwa. Shangazi hakulazimika kusema kwamba ana akiba kidogo ya kikundi. Mimi sikulazimika kusema kwamba ningeweza kurudi kulala nyumbani, niamke mapema zaidi na kupanda basi. Mwili ulikuwa umeshatuamulia.

Sisemi kwamba uhaba ungekwisha. Fedha zilikuwa chache kabla ya mfano na zilibaki chache baada yake. Yawezekana kabisa zikawa chache kiasi kwamba familia yenye upendo mwingi ikalazimika kupunguza dawa za mzee wake, na sina kanuni ya kuwaambia watu wa namna hiyo. Ninachodai ni kidogo zaidi: kwamba wafanye hivyo kama watu, kila mtu akisema anachotoa na anachokataa kutoa, na yule anayeamuliwa akiwamo kati ya wanaosema. Kumwuliza Babu hakukuhitaji fedha yoyote. Angejibu polepole, tungengoja.

Wiki iliyofuata nilimwendea baba mdogo dukani. Nilimwomba radhi kwa tafsiri mbovu, naye akaniuliza tafsiri gani. Alikuwa amesahau sentensi yenyewe. Nikamweleza kwamba nimeacha kile chumba. Alinyamaza, kisha akaniambia mambo ya biashara yake ambayo hakuwa amemwambia mtu, hata mkewe. Vidonge vya mwezi ule tulivinunua kwa kuchanga, na vya mwezi uliofuata pia. Vya mwezi wa tatu vilichelewa siku 9, na zilikuwa siku ndefu.

Katika nakala niliyomkabidhi mwalimu, sentensi ile nimeiandika upya: "Seli huimeng'enya mitokondria iliyoharibika na kuvitumia tena vijenzi vyake." Haina mvuto wa ile ya kwanza. Nilimsomea Babu kabla ya kuikabidhi, akaniomba nirudie, nikarudia. Kisha akauliza:

"Hiyo mitokondria, inajua kwamba inaondolewa?"

"Haijui, Babu."

"Mimi nilikuwa nimekaa pale," akasema.